Ukigusa, Umecheza

Siku hiyo Wanjala alikuwa ameniudhi tangu saa nne asubuhi. Kura zilikuwa zimepigwa, matokeo yalikuwa yanangojewa, na yeye, fundi wa redio, aliona ni sawa kabisa kufungulia redio saba kwa pamoja ndani ya kibanda chake, zote stesheni moja, zote kwa sauti ya juu. Mimi niliuza vipuri vya baiskeli mlango wa pili, hapo Kitale, barabara ya nyuma ya soko. Ukuta uliotutenga ulikuwa wa mbao. Nilimwambia redio moja inatosha.

"Hapana bana," akasema. "Hii ingine inaweza kusema kitu tofauti."

Saa saba tulicheza chesi, kama kila siku kwa miaka sita. Ubao tuliuweka juu ya kreti ya soda mlangoni mwangu. Saa ya mchezo alikuwa ameiunda mwenyewe: saa mbili za mezani zilizopigiliwa kwenye kipande cha mbao, na kijiti katikati. Ukikibonyeza, yako inasimama na ya mwenzako inaanza. Ya upande wake ilikuwa ikichelewa dakika mbili kila baada ya saa moja, na aliapa kwa jina la mama yake kwamba hakuipanga hivyo.

Lakini kilichonichosha zaidi kwa Wanjala ni ule mkono wake. Alikuwa anashika farasi, anamwinua, anamtazama, anamrudisha, kisha anashika askari. Katika chesi hakuna hiyo. Ukigusa kipande chako, lazima ukicheze, hata kama umeona kwamba kitaliwa. Sheria hiyo sikuitunga mimi, ni ya dunia nzima, ila hapo Kitale mimi ndiye nilikuwa polisi wake. Siku hiyo alimgusa malkia, akaondoa mkono haraka kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Umegusa," nikasema.

"Si nilikuwa namweka sawa tu?"

"Umegusa, Wanjala."

Alinung'unika, akamcheza malkia, akampoteza, akacheka. Ndivyo alivyokuwa. Atalalamika mpaka akuchoshe, lakini ukimwambia amegusa, atacheza.

Tulipomaliza nilikusanya vipande nikavitia kwenye sanduku la mbao pamoja na saa, daftari la michezo yetu na pasi yangu ya kusafiria. Pasi ilikuwa humo kwa sababu nilikuwa nimealikwa mashindano Kampala, baada ya wiki tatu, na bado nilikuwa najaza fomu zao dukani kati ya mteja na mteja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kualikwa nje. Wanjala alijigamba nayo kuliko mimi. Alisema nikishinda atanichukua kwao Myanga, mama yake achinje jogoo, ila firigisi nisahau. Kwao firigisi ni ya mwanamume mwenye boma, na tangu baba yake afariki ilikuwa yake. Kila mwisho wa mwezi alikwenda kuila, na kila Jumatatu nilisimuliwa.

Jioni matokeo yalitangazwa. Redio zote saba zilisema kitu kimoja.

Watu huita yaliyofuata vurugu. Neno hilo linaniudhi. Vurugu ni ya watu wanaosukumana kwenye foleni. Mimi niliona mishale, niliona petroli, nilisikia bunduki mchana kutwa, nikaona mzee akivutwa kwa mguu kutoka nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Kama hiyo si vita, basi anayepima vita aje anionyeshe kipimo chake. Wazazi wangu walitoka sehemu za kati za nchi wakaja kulima Trans-Nzoia kabla sijazaliwa. Nilizaliwa hapo, nikasoma hapo, nikawazika wote wawili hapo. Kwa siku moja nikaambiwa mimi ni mgeni.

Asubuhi Wanjala alikuja chumbani kwangu bila kubisha. "Vaa viatu," akasema. "Usibebe kitu. Utembee kama mtu anaenda kanisa."

Alinipeleka kwenye kinu cha kusaga mahindi cha mama mmoja aliyesali naye. Tulikuwa watu kumi na mmoja mle ndani, na mtoto mchanga, na vumbi la unga lililotufanya sote weupe. Mlango ulikuwa wa mabati, na komeo la chuma upande wa ndani. Wanjala hakuhitaji kujificha. Hakuna aliyekuwa anamtafuta. Angeweza kwenda zake Myanga, lakini alikaa nasi siku mbili, akitoka kuleta maji, akirudi na habari.

Siku ya pili, adhuhuri, alileta habari kwamba lori la polisi litakuja saa nane kutupeleka uwanja wa maonyesho, mahali palipolindwa. Watu wakaanza kumshukuru Mungu. Mimi nikaanza kulilia pasi.

Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Watu walikuwa wamepoteza nyumba, mimi nalalamikia kijitabu. Nilisema duka litachomwa, pasi itaungua, Kampala imekwisha, nimekwisha. Nilisema hivyo mara tatu au nne. Duka lilikuwa karibu, kama hatua mia tatu.

"Basi, basi," Wanjala akasema. "Nitaenda. Mimi si mtu wanatafuta."

Akasimama. Akajipangusa unga. Akaweka mkono kwenye komeo.

Nje bunduki ililia. Mara mbili, si mbali.

Akaondoa mkono. "Ama tungoje kidogo," akasema. Alikuwa ananitazama mimi.

Nami nikasema, "Umegusa."

Sijui kwa nini. Ulimi ulizoea. Miaka sita, kila mchana, neno lile lile. Watu wawili watatu waliotujua wakacheka, kicheko cha kwanza tangu tuingie mle. Wanjala naye akacheka.

"Huyu mtu bana," akasema.

Akavuta komeo, akatoka.

Tulingoja.

Bunduki ililia tena. Kisha kelele za watu wakikimbia. Kisha kimya.

Lori lilikuja saa tisa, wala si saa nane. Polisi walituamrisha tupande upande wa nyuma, tuinamishe vichwa. Niliwaambia tuko na mwenzetu bado. Mmoja akaniuliza, "Unapanda ama hupandi?"

Nikapanda.

Siku ya tatu, pale uwanjani, kati ya mahema na moshi wa kuni mbichi, mama mwenye kinu alinitafuta mpaka akanipata. Alikuwa amebeba sanduku langu kichwani kwa kitambaa cha kanisa. Alisema Wanjala alipatikana upande wa pili wa kinu, hatua kumi kutoka mlangoni, amelala juu ya sanduku. Risasi ilitoka upande gani, hakuna aliyejua. Jamaa zake walikuwa wameshamchukua kwenda kuzika Myanga. Sikuweza kwenda. Barabara zilikuwa zimefungwa kwa mawe na magogo, na mtu kama mimi asingefika hata Webuye.

Nilifungua sanduku. Vipande vyote vilikuwemo, daftari lilikuwemo, na pasi haikuwa na hata doa. Saa ilikuwa imevunjika upande wangu. Ule wake bado ulikuwa unatembea, na bado ulikuwa unachelewa.

Kwa pasi hiyo nilivuka mpaka wa Malaba. Kwa pasi hiyo nilicheza Kampala, nikashika nafasi ya pili, na kwa kuwa sikuwa na duka wala chumba cha kurudia, nikabaki. Nilifundisha chesi shuleni, nikacheza usiku na mchana, nikapelekwa nje kwa mashindano. Miaka ikapita, nikawa raia wa huko, na nikajaza fomu ya kubadilisha nchi ninayoichezea. Fomu ina mahali pa kuandika sababu, mstari mmoja, urefu wa kidole. Niliandika: Makazi.

Hapo ndipo nyumbani walipokumbuka kwamba nipo. Msaliti, wakasema. Amenunuliwa, wakasema, kana kwamba kuna mtu duniani anayenunua wachezaji wa chesi. Mkubwa mmoja wa mchezo, ambaye nilimwandikia barua tatu nikiwa kwenye hema na hakujibu hata moja, alisema redioni kwamba sina uzalendo. Kisha nikapata cheo cha grandmasta, nikiwa na mvi, na kwa wiki moja nikageuka kuwa kijana wetu. Watu hao hao, redio hizo hizo.

Na waandishi wa habari, Mungu anisamehe, wote wana swali moja: katika maisha yako yote ya chesi, kosa lako kubwa ni lipi? Ninalo jibu langu. Huwaambia juu ya farasi niliyempeleka pabaya katika mashindano fulani ng'ambo. Wanaandika, wananishukuru, wanakwenda. Nimeudanganya umma kwa farasi huyo kwa miaka.

Mwezi uliopita nilialikwa Kitale kufungua mashindano ya walimu. Ukumbi ulipambwa kwa puto, hotuba zikawa ndefu, chai ikapoa. Duka langu sasa ni mahali pa kuosha magari. Mchana mwalimu mmoja wa sekondari aligusa malkia wake, akaona hatari, akaondoa mkono. Mwenzake akaruka juu. "Umegusa! Umegusa!" Ukumbi mzima ukaitikia. Msimamizi, ambaye sheria anaijua kama mimi, akanigeukia kwa heshima ili grandmasta aamue.

"Mwache arudishe," nikasema.

Wakadhani natania. Nikarudia. Kelele zikaanza.

"Ati arudishe?" mwenzake akapiga kelele. "Grandmasta gani huyu?"

Alikuwa na haki. Sheria ilikuwa upande wake. Nikachukua koti langu, nikatoka, nikamwambia dereva turudi Kampala. Tulipita Webuye, tukapita Bungoma mjini, na pale penye njia ya Myanga, ambapo kwa miaka yote nilikuwa nageuza uso upande wa pili, nikamwambia akate kona.

Mama Wanjala alikuwa uani akipepeta maharagwe. Alikuwa amezeeka lakini macho yalikuwa yale yale ya mwanawe. Sukari na blanketi alizopokea kila Krismasi alijua zilitoka kwangu, kwa hiyo nilipojitaja alinikumbatia, akalia kidogo, akanikaripia kwa kukonda, kisha, bila kuniuliza, akaanza kufukuza jogoo.

"Mama, sitakaa. Naenda mbali."

"Nani alikuuliza kama unakaa?"

Mgeni haachiliwi kuondoka nyumba hiyo bila kuku. Nilimsaidia kumkamata, nikateleza kwenye matope na suruali ya hotuba, nikaona kwamba hata mtu akija kuungama lazima kwanza adhalilishwe na jogoo.

Nilimwambia alipokuwa ananyonyoa manyoya, mikono yake ikiwa ndani ya maji ya moto. Nilimweleza pasi. Nilimweleza sheria ya kugusa, na jinsi nilivyomshikia mwanawe sheria hiyo kila siku. Nikamwambia juu ya mkono kwenye komeo, na neno nililosema.

Hakuacha kunyonyoa.

"Alikuwa ameshasimama?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na alikuwa anataka kukaa tena."

"Ndiyo."

Akageuza kuku upande wa pili.

"Si ungemwambia tu akae," akasema.

Nilingoja kama kuna lingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha, hata kwa kufukuzwa. Hakuna kilichokuja. Alimaliza manyoya ya mbawa, akaniambia nilete kuni zilizo nyuma ya jiko, si zile mbichi. Nikaleta. Tulikaa pale jikoni muda mrefu, moshi ukituumiza macho, yeye akikoroga, mimi nikipuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Chakula kilipoiva alipakua ugali, akagawa kuku vipande. Akaisukuma firigisi kwa kijiko mpaka ukingo wa sahani yangu.

"Mama, hii si yangu."

"Najua si yako," akasema. "Kula. Hakuna mwingine hapa wa kuila."