Baridi ya Bwanamkuu

Watu wengi walinunua viazi vya karai kwa Bi Mwanaesha bila kujua kwamba walichokuwa wakilipia ni baridi.

Hakuwa mwanamke wa kuuza vitu. Alizaliwa Pate, akaletwa Malindi kuolewa akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa zaidi ya miaka arobaini mtaa mzima ulimjua kama mtu wa ndani. Akihitaji kitu sokoni, aliagiza. Mumewe, Bwanamkuu, alikuwa mshonaji wa kanzu. Aliketi kwenye cherehani yake chumba cha mbele, mlango wazi, akiitikia salamu za wapita njia bila kuinua macho kutoka kwenye uzi. Kati ya watoto watatu waliozaliwa katika nyumba ile, aliyebaki hai ni Adnan, naye alikuwa nchi za Ghuba, akifanya kazi katika stoo ya hoteli moja kubwa.

Kisha Bwanamkuu akapooza upande wa kulia. Ulimi ulirudi baada ya miezi mitatu, mzito kidogo, lakini mkono na mguu havikurudi. Kaskazi ya kwanza baada ya hapo, joto lilipopanda, alizimia mara mbili, na daktari akamwambia Mwanaesha bila kuzunguka kwamba moyo wa mzee huyu, kwa dawa anazokunywa, hautastahimili joto. Awekwe mahali pa baridi. Aliyasema haya mwezi wa Februari, Malindi, mchana ambapo hata maji ya mtungini yalikuwa ya uvuguvugu.

Adnan alinunua kiyoyozi kifungwe chumba cha mbele, alipolazwa babake. Akaahidi kuleta pesa za tokeni za umeme kila mwezi. Fundi aliyekuja kukifunga alikuwa Ziro, kijana wa Ganze aliyeamkia kwa heshima na kuvua viatu mlangoni. Alipanda ngazi, akautazama ukuta, akacheka. Chini ya boriti kulikuwa na matundu sita ya hewa, kila moja upana wa kiganja, yaliyotobolewa na babu ya Bwanamkuu alipoijenga nyumba.

"Mama, ukiyaacha haya utakuwa unaipoza Malindi nzima," alisema Ziro.

"Yazibwe."

"Kwa nailoni au kwa simiti?"

"Simiti. Sitaki itoke hata chembe."

Kitandani Bwanamkuu aliuinua mkono wake wa kushoto. "Esha, nyumba hii yapumua," alisema polepole. Mkewe alimjibu kwamba kuanzia leo itapumua kwa mashine. Ziro akaziba matundu, akasawazisha, akapaka chokaa. Jioni ile Bwanamkuu alilala kama mtoto, shuka hadi kidevuni, na Mwanaesha aliketi chini kando yake akilia kwa furaha, kwa sababu tangu aolewe hakuwahi kuona mtu akijifunika shuka katika kaskazi.

Mwaka mmoja mambo yalikwenda. Wa pili, mwezi wa Novemba, Adnan alipiga simu akamwambia mamake kwamba wamepunguziwa saa za kazi, na kwamba ataweza kumletea ya chakula lakini si ya tokeni. Alimwomba amvumilie. Mwanaesha akamwombea dua, akakata simu, akabaki ameitazama mita iliyokuwa kwenye ukumbi wa mlangoni. Alikwisha kujua hesabu yake: mashine ilikula yuniti moja kila saa. Ilihitajika kuanzia saa nne asubuhi, ukuta ulipoanza kushika moto, mpaka machweo. Yuniti nane, kila siku ya Mungu, mpaka mvua za masika.

Hakumwambia mumewe. Alitoa karai kubwa la harusi, lile walilokuwa wakiwakodisha watu, akanunua gunia la makaa, akawasha jiko uani. Asubuhi mahamri, jioni viazi na bajia. Aliviuza kwenye baraza yake mwenyewe, uso ameufunika nusu kwa buibui, kama mtu anayetaka aonekane na asionekane. Kila jioni alimpa pesa Tasneem, mke wa jirani, mwanamke mchangamfu wa miaka thelathini, naye akanunua tokeni kwa simu yake na kuja kuzibonyeza kwenye mita.

"Bi Esha, mzee wako yuko Ulaya na wewe uko jehanamu," Tasneem alimtania siku moja, akijipepea na leso kando ya jiko. "Na nyote mko nyumba moja."

"Jehanamu yangu ina mlango, mwanangu. Natoka nikitaka."

Lakini hakutoka. Mafuta yalimchoma mikono hadi viwiko. Kifua kilianza kumbana kwa moshi, na Bwanamkuu, ambaye macho yake hayakupooza, aliyaona yote hayo. Aliujua moto kwa harufu ya nguo zake. Jioni moja alimshika kifundo cha mkono penye alama ya kuungua, akamwambia aache jiko.

"Nikuache wewe uive, babake Adnan?"

"Mimi n'shaiva. Acha."

Mwanaesha aliuondoa mkono wa mumewe taratibu, akampa uji. Kwake maneno yalikuwa yameisha. Kwa Bwanamkuu, inaonekana, ndipo yalipoanzia.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia katikati ya kaskazi. Hakukuwa na mahamri ya asubuhi tena. Kazi yote ilihamia mchana, ili kaimati na viazi viwe tayari kabla ya kufuturu. Ikisikika adhana ya adhuhuri Mwanaesha alimgeuza mumewe, akasali, akaufunga mlango wa chumba na kusukumia kitambaa kizito chini yake ili baridi isitoroke, kisha akaenda uani. Alirudi mara moja, alasiri, kumgeuza tena. Halafu hakuonekana mpaka karibu na magharibi. Alisimama mbele ya karai akiwa amefunga, koo limekauka, jasho likimdondoka kidevuni na kukauka kwenye makaa.

Mara nyingi, kabla ya Ramadhani, mita ilikuwa ikilia usiku: mlio mwembamba wa kuonya kwamba yuniti zinakwisha. Aliuzoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha mgonjwa. Katika juma la kwanza la mfungo ule mlio haukusikika usiku mmoja, wala wa pili, wala wa tatu. Siku ya nane alisimama mbele ya mita, mkono kifuani, akasoma yuniti ishirini na saba ambapo zingebaki mbili.

Hakuita fundi. Hakuuliza. Mtu wa mahali pengine angesema mita imeharibika. Mwanaesha alikuwa amesikiliza darsa za Ramadhani tangu utotoni, na katika darsa hizo alisikia mara nyingi kisa cha chakula kidogo kilicholisha nyumba siku nyingi, kikaendelea kulisha, mpaka siku mwenyewe alipokipima, hapo kikaisha. Aliijua adabu ya jambo lile. Baraka ikiingia nyumbani, huinamishi kichwa chunguni kuangalia iliyobaki. Alichukua kitambaa cha kupangusia vyombo akaitundikia mita kama pazia.

Tokeni aliendelea kununua, kila jioni, kiasi kilekile, kwa sababu kuacha kungekuwa sawa na kuijaribu. Lakini alimkataza Tasneem kusoma. Jioni moja Tasneem alibonyeza tarakimu, akakiachilia kitambaa, akasimama pale na simu mkononi, uso wake umekunjamana.

"Bi Esha, lakini leo hebu nikwambie hii namba, maana—"

"Usiniambie."

"Ni nyingi, Bi Esha. Si kawaida."

"Ndiyo maana usiniambie. Neema haipimwi, Tasneem. Wataka iondoke?"

Tasneem aliaga akaenda zake. Baadaye alisema kwamba alidhani mama yule anaweka akiba ya siku za sikukuu.

Kulikuwa na jambo jingine Mwanaesha alilolinyamazia. Shuka za Bwanamkuu zilikuwa zikiloa. Kila jioni alizikuta chepechepe, mgongoni mpaka miguuni, na akafikiri kwamba kibofu kimeanza kumshinda mzee wake. Hilo si jambo mke analomtajia mumewe. Alizikunja, akazifua alfajiri, akazianika nyuma pasipoonekana. Bwanamkuu alimtazama akizikunja, na hakumtoa katika dhana ile. Mtu aliyeshona kanzu za kusalia Idi za nusu ya mji alikubali mkewe aamini kwamba anajikojolea, kwa kuwa ukweli ungemnyang'anya rimoti ya kiyoyozi.

Maana rimoti aliiweka chini ya mto, upande wa kushoto. Mlango ulipofungwa na kandambili za mkewe zikafifia kuelekea uani, alizima. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake. Alilala ndani ya chumba kile kisicho na tundu hata moja, jua likipiga ukuta wa nje, hadi nusu saa kabla ya alasiri, ndipo akawasha ili akutwe kwenye ubaridi. Alipogeuzwa na kuachwa, alizima tena, akawasha magharibi ikikaribia. Hivyo kila siku. Alikuwa akimrudishia saa zake. Alifikiri kwamba siku moja mkewe atazihesabu, aone zinatosha, azime lile jiko.

Siku ya ishirini na sita familia moja iliagiza kaimati za kufuturisha watu sitini. Malipo yalikuwa mazuri. Adhana ya alasiri ilimkuta Mwanaesha katikati ya unga, mafuta yako tayari, na akajiambia kwamba mzee yuko kwenye baridi, atasubiri kidogo. Alisali palepale uani. Mafuta yaliunguruma mchana kutwa, na katika kuunguruma kule hakusikia kitu.

Kabla tu ya machweo alibeba uji. Aliondoa kitambaa kwa mguu, akasukuma mlango, na joto likamtokea usoni, zito, kama lile la kufunua tanuri. Mashine ilikuwa kimya. Wazo lililomjia lilikuwa moja tu: baraka imeondoka. Akaweka bakuli chini, akakimbilia ukumbini, akalivuta pazia la mita.

Mita ilisoma tisini na moja.

Aliisoma mara ya pili, kidole juu ya kioo. Kisha akarudi. Bwanamkuu alikuwa amelala ukingoni mwa kitanda, mkono wa kushoto unaning'inia, vidole vimefunguka. Rimoti ilikuwa sakafuni, imeanguka ikafunguka mgongo, betri moja chini ya kabati. Shuka ilikuwa imeloa kama iliyotoka kwenye beseni. Ngozi yake haikuwa na jasho tena; ilikuwa kavu na ya moto. Aliita. Tasneem na mumewe wakaja mbio, wakamtoa hadi kwenye baraza, wakammwagia maji, watu wakaacha futari zao wakaja. Alifungua macho mara moja, akamwona Mwanaesha amepiga magoti na unga mpaka mabegani.

"Jiko," alisema. "Umezima?"

Wakamlakinia shahada, wakimtamkia sikioni. Aliifuata kwa midomo tu. Hakufika isha.

Alizikwa asubuhi, na Mwanaesha akaingia eda. Miezi minne na siku kumi. Wanawake waliokaa naye walitota jasho katika nyumba ile, kwa kuwa mvua zilikuwa zimechelewa. Siku ya tatu mmoja wao alisema kwamba mashine ipo na umeme upo, basi mbona wasiwashe kidogo. Mwanaesha alimwambia Tasneem ashushe swichi kuu, na usiku huo wakawasha taa ya mafuta.

Walipobaki wawili, Tasneem alishindwa kujizuia. Alilia, akasema alikuwa akiiona namba inapanda kila jioni, na kwamba angelisema kwa nguvu.

"Ulisema," alijibu Mwanaesha. "Nikakuziba mdomo kama nilivyoyaziba yale." Akaonyesha kwa kidevu kule juu, chini ya boriti.

Ziro aliitwa. Hakupita ndani, kwa sababu ya mwenye eda. Aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa nje, upande wa kichochoro, akaanza kugonga kwa patasi. Mwanaesha alimsikiliza kutoka chumba cha nyuma. Kugonga kulikuwa kwa taratibu, kwa aibu, kama kwa mtu anayebisha hodi msibani. Simiti ya Ziro ilikuwa nzuri, ilikataa kutoka. Kufikia alasiri alikuwa amefungua matundu mawili tu kati ya sita, akasema atarudi kesho.

Jua lilipotua Mwanaesha aliingia chumba cha mbele. Vipande vya simiti vilikuwa vimetapakaa juu ya kitanda kitupu. Kutoka matundu yale mawili iliingia hewa, si nyingi, ya moto bado, na ndani yake harufu ya mafuta ya jikoni kwa watu. Aliketi chini, mahali alipokaa usiku ule wa kwanza wa baridi, akaanza kuzihesabu saa tisini na moja, moja moja, tangu mwanzo wa mfungo. Alipokosea alirudi nyuma, akaanza upya.