Siku Nilipomwita Mwalimu Mtunzi Mdogo

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimejicheka mpaka nimechoka, ila aibu hii ina sehemu moja ambayo hainichekeshi hata kidogo.

Tulikuwa tunamuaga Mwalimu Tobiasi, mwalimu wa kwaya yetu hapa Ufukoni, amestaafu na kesho yake anarudi kwao Songea. Alikuwa ametutungia wimbo wa kuagana, tukaufanyia mazoezi, uimbwe mwisho wa sherehe. Mimi niliambiwa niseme maneno machache ya shukrani, basi. Lakini mtu wa kushinda ndani kama mimi (hata sokoni naagiza mtu) akipewa maiki anataka aonekane amesoma, nikaona niongezee habari za maisha ya yule mtunzi Mfaransa wa zamani ambaye Mwalimu hupenda kupiga vipande vyake kwenye kinanda.

Nikaanza. Kwamba aliishi karne ya kumi na nane, mwanamuziki wa nyumba ya mfalme, amevalishwa sare kama watumishi wa jikoni, anapiga fidla wakati wa chakula, wakubwa wanatafuna wala hawamsikilizi (hapo mgeni rasmi akaliweka chini paja la kuku). Watu wakacheka, kichwa kikanivimba, nikamalizia: "Alikuwa mtunzi mdogo tu, alipokufa nyimbo zake zikasahaulika, kama Mwalimu wetu!"

Nilitaka kusema wote wawili walitumika bila kujikweza, naapa. Mke wa Mwalimu akainamia sahani yake, nami badala ya kukaa nikarekebisha: "Ila yule angalau alikuwa na mfalme."

"Kaa, dada," mwenyekiti wa kwaya akaninong'oneza akinivuta gauni. "Kaa, utamuua mzee wa watu."

Mwalimu akasimama, anatabasamu. "Mwanangu amesema vizuri. Basi leo tusikie kipande cha Mfaransa, wimbo wangu upumzike."

Tukadhani utani. Akaenda kwenye kinanda, akapiga kile cha Mfaransa, kizuri kweli, akazima kinanda, akaanza kutushika mikono ya kwaheri mmoja mmoja. Kwangu akasema, "Umesoma sana, mwanangu," bila hasira yoyote, na bora angenitukana.

Nimempigia simu kuomba radhi, akacheka, akaniuliza habari za korosho za huku kwetu. Siku hizi kwenye sherehe nakaa upande wa masufuria, maiki ikinisogelea nakumbuka kuna vyombo vya kuosha. Na ule wimbo tunaujua wote, sauti zote nne, ila siku yake ilipita Mwalimu mwenyewe akiwa mbele yetu, hatukumwimbia.