Doris wa Perrysburg

Kila jioni ya siku ya kazi, watu wa Toledo walipokuwa wamekwama kwenye foleni ya daraja la Mto Maumee, walifungua redio ili wamtukane Royce Tennant. Mji ulikuwa umeshazoea hivyo, kama watu wanavyozoea kufunga mkanda. Tennant alikuwa meneja mkuu wa Wavunja Barafu, timu ya futiboli ya Kimarekani ya mji, na kazi zake zilikuwa mbili tu: kuchagua vijana wa vyuo kila Aprili, na kubadilishana wachezaji na timu nyingine. Kwa maoni ya daraja zima, zote mbili zilikuwa zimemshinda.

Mtetezi alikuwa naye mmoja.

"Tunaye Doris wa Perrysburg," mtangazaji Kip Marchetti alikuwa akisema, na madereva waliokuwa wamenyoosha mkono wazime redio wakiurudisha. "Haya, Dada Doris, mpake mafuta bwana wako."

"Kip, mwanangu, nyinyi mnapima biashara ya zamani kwa mizani ya leo. Tennant aliwapa Omaha zamu zetu mbili za kwanza za kuchagua, ili apande juu kwenye foleni ya kuchagua amchukue Tibor Budai. Sawa. Omaha wamevuna nini? Mkimbiaji mwenye magoti ya biskuti na beki anayeogopa kuguswa. Sisi tumepata mtu wa kumlinda mgongo mrushaji wetu wa mpira."

"Mlinzi? Doris, yule ni geti! Geti lisilo na komeo! Juzi nimemwona bibi yangu anapita pale!"

"Hilo geti lenu halijakosa mechi hata moja toka lije. Nitajie mwingine."

Kip alicheka, akaweka tangazo la matairi.

Doris hakukaa Perrysburg, wala hakuitwa Doris. Aliitwa Lorraine Budai, mjane, mkazi wa mtaa wa Wahungaria ng'ambo ya mashariki ya mto, na geti lisilo na komeo lilikuwa limetoka tumboni mwake.

Hakumpenda Tennant. Alikutana naye mara moja tu, siku Tibor alipochaguliwa, na akamwona ni mtu anayekushika mkono huku akimtafuta mwingine wa kumshika. Ila katika miaka ya kuwa mama wa mchezaji alikuwa amejifunza jambo ambalo wapigaji simu hawakulijua. Meneja aliyelipa zamu mbili kwa kijana mmoja hawezi kumtupa kijana huyo bila kutangaza kwamba alilanguliwa mchana kweupe. Kwa hiyo humng'ang'ania. Siku meneja akifukuzwa huja mwingine, asiye na sababu ya kuona aibu, naye huanza kwa kufagia alichokiacha mwenzake. Usalama wa Tibor ulikuwa ni kiburi cha Tennant. Lorraine alikitunza kiburi hicho kama watu wanavyotunza bwawa lililo juu ya nyumba yao.

Mchana alifanya kazi katika ofisi ya leseni za magari. Kwenye kibandiko cha kifuani aliandika jina la kwao, Pinter, tangu siku mteja mmoja aliposoma "Budai" akamwuliza kama na yeye huwa anaacha watu wapite bila foleni. Wateja wakasahau, wakarudi kumchambua mwanawe mbele ya pua yake.

"Zamu mbili kwa lile gunia," mzee mmoja alimwambia mwenzake huku akitafuta bima ya gari lake. "Mimi ningewapa Omaha mke wangu, nikabaki na zamu."

"Omaha wangekataa."

"Na wao wana akili kuliko sisi, ndiyo maana."

"Saini hapa, mzee," Lorraine alisema.

Jumapili moja, mwishoni mwa Oktoba, Wavunja Barafu walicheza na Louisville, uwanjani kwao. Lorraine aliitazama mechi sebuleni, amesimama, kwa sababu alikuwa haketi Tibor anapocheza. Kabla ya mapumziko, mlinzi mmoja mnene wa Louisville alimwingia Tibor kwa kichwa, kofia ikagonga kofia. Tibor alianguka, akanyanyuka, akapangusa nyasi. Kisha akatembea, kwa hatua za mtu anayejua aendako, hadi kwenye duara la wachezaji wa Louisville, akainama kati yao asikilize mpango.

Uwanja ulicheka. Watangazaji walicheka pia. Mmoja akasema Budai amewasaidia Louisville mchana kutwa, basi amekwenda kuchukua mshahara. Mchezaji wa timu yake alimshika Tibor bega akamgeuza. Daktari wa timu alimwita pembeni, akamwuliza kitu kimoja, Tibor akaitikia kwa kichwa, akarudi uwanjani. Wavunja Barafu wakafungwa vibaya.

Lorraine alikaa.

Jioni Tibor alikuja kula, kama alivyofanya kila walipocheza nyumbani. Alijaza mlango wote, akainama kumbusu, akanusa sufuria. Kuku wa paprika na madonge ya unga. Kila kitu kilikuwa sawa, hadi alipochukua sahani, akageukia mlango wa gereji, akaita kwa sauti ya furaha:

"Mzee! Chakula tayari!"

Emil Budai, baba yake, alikuwa na miaka sita kaburini.

Tibor aliutazama mlango wa gereji, kisha akamtazama mama yake, na Lorraine akaona uso wa mwanawe ukitafuta njia ya kutokea.

"Nilikuwa natania," alisema.

"Tibi."

"Natania, Mama. Pakua."

"Ni mara ya ngapi?"

Alikula kwanza. Mtu wa kilo mia moja na arobaini, akila kama mtoto aliyeambiwa amalize. "Tangu mazoezi ya Agosti," alisema hatimaye. "Huja na kuondoka. Mwanga unaniuma. Nachelewa kidogo, kidogo tu, na yule jamaa ameshapita. Usimwambie mtu. Mkataba unaisha Machi. Nikikaa nje mwezi mmoja kwa ajili ya kichwa, Mama, hakuna timu itakayonigusa."

"Daktari alikuuliza nini pale?"

"Aliniuliza kama niko sawa."

"Basi?"

"Basi. Tennant alikuwa amesimama nyuma yake." Akacheka kidogo. "Unajua mji huu nina rafiki mmoja tu? Yule mama wa redioni. Doris. Jamaa wa timu hunitania, wanasema ni mchumba wangu. Siku nikimwona nitamnunulia maua."

Lorraine alisimama kwenda kuchukua mkate ambao ulikuwa tayari mezani.

Usiku kucha alipiga hesabu yake, na kila alipoanzia alifika palepale. Daktari wa timu alikuwa chini ya Tennant, na Tennant hakuweza kumudu Tibor mgonjwa: zamu mbili za kwanza hazilazwi hospitali wakati mmiliki wa timu anafikiria kumfukuza aliyezilipa. Tibor mwenyewe asingesema. Na aliyemsaidia Tennant kumbakiza pale uwanjani, wiki baada ya wiki, kwa hoja zilizopangwa vizuri, alikuwa nani? Alijiona ameshika mlango wa chumba kinachoungua, anawahakikishia majirani kwamba hakuna moshi.

Jumatatu jioni alipiga simu akiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya ofisi, milango imefungwa. Alibonyeza namba vibaya mara ya kwanza.

"Doris! Mji mzima unakusubiri. Jana umeona? Geti limehamia Louisville!"

"Nimeona." Sauti ilimtoka kavu. "Kip, nimekosea."

Safari hii Kip hakuweka tangazo la matairi.

"Nilisema Tennant alifanya biashara nzuri. Ilikuwa mbaya. Budai asicheze tena. Si Jumapili ijayo, si Jumapili yoyote. Wamkalishe benchi. Kila siku anayomchezesha, Tennant anajitetea yeye, si timu. Mmiliki kama ananisikia, amkalishe yule kijana."

"Dada Doris... unalia?"

"Nina mafua," alisema, akakata.

Baada yake daraja lililipuka kwa simu. Watu waliomtukana Tennant miaka yote walijikuta wameogopa: kama Doris ameondoka, basi meli inazama kweli. Mpigaji simu mmoja alisema amesimamisha gari pembeni. Mwingine alisema ni kama kusikia mama yako mzazi anakukana. Mmiliki wa timu, mzee aliyetajirika kwa vioo vya magari, alikuwa na desturi ya kusikiliza kipindi hicho akirudi nyumbani, na hilo Lorraine alilijua. Alikuwa amelitegemea. Alitaka mwanawe awekwe benchi, kichwa kipumzike, msimu upite. Hilo tu.

Ila Tennant alikuwa hajaishiwa ujanja.

Jumanne ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji. Muda ulipokaribia kuisha, Yolanda wa dirisha la pili aligeuza simu yake ili Lorraine aione, kwa sababu Yolanda ndiye pekee ofisini aliyejua kwamba Tibor ni mwanawe. Tennant alikuwa amempeleka Tibor timu ya Sacramento, akapewa zamu ya kuchagua ya raundi ya kwanza. Nzima. Meneja wa kule aliwaambia waandishi kwamba Budai ni almasi iliyoshikwa na watu wasiojua, na kwamba atacheza Jumapili hiihii.

Kwenye foleni ya leseni, mtu alipiga kelele za furaha. Mwingine akamkumbatia asiyemjua. Jioni Kip Marchetti, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utangazaji, alimpa Royce Tennant alama ya A, na daraja zima likapiga honi.

Tibor alimpigia mama yake akiwa uwanja wa ndege.

"Hata Doris, Mama," alisema. "Umemsikia? Nilikuwa garini. Nilidhani nimesikia vibaya."

Lorraine alitaka kumwambia kwamba Doris ni yeye. Neno lilifika kwenye meno. "Nimemsikia," alisema.

"Potelea mbali. Huko wananitaka. Bado kupimwa tu. Kesho asubuhi daktari wao akisema ndiyo, biashara imekwisha. Akisema hapana, narudishwa, na ligi nzima itajua kwa nini. Niombee."

"Nakuombea," Lorraine alisema, na hakusema anamwombea nini.

Hakulala. Jumatano alikwenda kazini kwa sababu nyumbani kulikuwa na mlango wa gereji. Sacramento ipo nyuma kwa saa tatu, kwa hiyo asubuhi yao ilimwangukia yeye wakati wa chakula cha mchana, akiwa amemshikia kijana mmoja cheti cha kuzaliwa. Simu ikatetemeka juu ya meza. Aliomba radhi, akaingia stoo ya karatasi, akafunga.

"Mama." Alikuwa ananong'ona, na sauti ilirudi kama ya mtu aliye kwenye chumba cha vigae. "Niko chooni kwao. Damu wamechukua, goti wamelipinda, safi. Sasa kuna daktari wa kichwa. Jamaa mmoja kanidokeza, anaanza na maswali mepesi. Ukiyakosa hayo, anakupeleka kwenye mashine, na huko hakuna kudanganya."

"Maswali gani?"

"Ya kitoto. Jumapili ulicheza na nani. Ulishinda au ulifungwa." Maji yalikuwa yakidondoka mahali. "Nilikuwa nalo jibu asubuhi, Mama. Nimeoga, limeondoka. Naona jezi zao, naona rangi, jina haliji. Usicheke."

"Sicheki."

"Nikitazama kwenye simu nitaona na mambo wanayoyasema juu yangu, siwezi. Niambie wewe. Unajua kila kitu. Tulicheza na nani?"

Lorraine aliegemea rafu. Mbele yake kulikuwa na maboksi ya fomu za kuhamisha umiliki wa gari, yamepangwa hadi darini. Alijua mchezo wote, kila kuangushwa, kila adhabu, jina la yule mnene wa Louisville aliyemwingia kwa kichwa na chuo alichosoma. Alijua pia kwamba mwanawe hatamsamehe, na kwamba pengine hatakumbuka cha kusamehe, na hakuweza kuamua lipi linamtisha zaidi.

"Milwaukee," alisema.

"Milwaukee. Ndiyo. Na?"

"Mlishinda."

"Tulishinda?" Alishangaa, kisha akafurahi. "Una hakika?"

"Nina hakika, Tibi."

Mlango uligongwa upande wa kule, na mtu akaita jina la Budai kwa adabu ya hospitali. Tibor alijibu anakuja. Alisema asante, Mama, akaanza kurudia polepole asiipoteze njiani: Milwaukee, tulishinda, Milwaukee, tulishinda. Mara ya tatu aliisema bila kusita, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka mwenyewe.