Kasmiri wa Kibara na Njia ya Kichaa cha Mbwa

Hasira za Kasmiri si za kuzaliwa nazo. Waliomjua zamani pale Kibara wanasema alikuwa mtu mpole, wa kuogesha ng'ombe na kutaniana na mashemeji, mpaka mwaka 1984 mbwa alipomng'ata dada yake Pelagia unyayoni.

Mwaka ule hata sabuni ya kuoshea kidonda haikuwepo madukani. Hospitali ikasema chanjo ni chache, hapewi mtu mpaka kichwa cha mbwa kipimwe Mwanza. Kasmiri, msaidizi wa bwana mifugo, akakikata kichwa, akakiacha nyumbani, akaenda Bunda kutafuta gari. Huku nyuma Bernado, mume wa Pelagia, akaona kitaoza. Bernado alikuwa mvuvi. Akafanya kile ambacho mvuvi hufanya kitu kisioze: akakipandisha kwenye chanja, katikati ya samaki, akakikausha kwa moshi siku mbili. Majibu yakarudi kwamba ubongo umeiva, haupimiki. Pelagia akafa siku ya arobaini, akiogopa kikombe cha maji, yeye aliyekulia ufukweni.

Kasmiri hakumlaumu Bernado. Kungekuwa na barafu, nani angekausha kichwa cha mbwa? Alianza kuwaka kuanzia hapo, na hakuzimika tena.

Akanunua daftari. Kila aliyeng'atwa, kuanzia Suguti hadi Bunda, akamwandika: jino limeingia wapi, amekaa siku ngapi kabla ya kufa. Unyayoni, arobaini na zaidi. Mkononi, ishirini na kitu. Usoni, kumi na mbili. Akatambua, bila kufundishwa na mtu, kwamba ugonjwa ule hausafiri kwa damu, maana damu ina haraka. Unapanda polepole kwa mishipa ya fahamu mpaka kichwani. Akajifunza pia kutoa ubongo bila kupasua fuvu: unaingiza mrija wa soda kwenye tundu la kisogoni, unazungusha, unachomoa.

Mwaka 1997 daftari hilo likamleta Daktari Isidori, mzaliwa wa Murangi aliyekuwa akisomea Ulaya. Alikuja na gari la mradi wa utafiti na sanduku la barafu. Barafu sasa ilikuwa tele Musoma, kwa ajili ya minofu ya sangara inayopanda ndege. Kufikia siku ya kisa hiki Kasmiri alishamtolea bongo sitini. Siku hiyo akamtolea wa sitini na moja, wa mbwa aliyemng'ata Fatu, muuza maandazi wa sokoni, kwenye kisigino. Fatu mwenyewe alikuwa amekaa pale kwenye benchi, mguu umefungwa kanga.

Isidori alilifungua daftari macho yakimng'aa.

"Mzee Kasmiri, unajua wenzetu kule wamefika wapi? Wanachukua virusi vya kichaa cha mbwa na jamaa zake, wanavibadilisha, wanavipunguza makali, wanampandikiza panya. Virusi vinatembea kutoka seli hadi seli bila kupotea. Wanavifuata nyuma, wanachora ramani: seli hii ya ubongo imeshikana na ile."

"Kwa hiyo njia ya kutoka kisiginoni hadi kichwani wanaijua?"

"Hatua kwa hatua!"

"Na majibu ya huyu mbwa yanatoka lini?"

"Sampuli zinakwenda nje. Miezi minne, hivi."

Kasmiri akacheka, kicheko kibaya. "Fatu, eleza wamekwambiaje hospitali."

"Wamesema chanjo hawana, kaka. Niende duka la dawa Musoma," Fatu akasema. "Kule nako wanamuuziaga mwenye nazo. Mimi na maandazi yangu nitaiwezea wapi?"

"Umesikia, daktari? Zamani walikuwaga hawana kwa sababu nchi haina. Sasa dukani imejaa, na hawana vilevile. Virusi vimechorewa ramani. Huyu mama hajachorewa hata njia ya kufika kwenye sindano! Ana siku arobaini, na leo ni ya tatu." Akaweka mkono juu ya sanduku. "Humu chini ya barafu kuna chanjo. Nimeziona."

Isidori akaona haya. "Ni za watu wa mradi tu, mzee. Akiumwa mtu wa mradi. Kila moja ina fomu yake."

"Mimi ni mtu wa mradi au si mtu wa mradi?"

"Wewe? Bila wewe hakuna mradi."

"Basi andika. Kasmiri wa Kibara kang'atwa na mbwa kisiginoni, juzi asubuhi."

"Mzee, hiyo ni..."

"Andika!"

Isidori alimtazama Fatu, akatazama kanga yenye damu, akatoa kalamu. Chupa tano zikatoka kwenye barafu. Fatu akachomwa ya kwanza palepale, nne zikawekwa kwenye chupa ya chai iliyojazwa barafu. Alikuwa akilia, akimshukuru kila mtu, hadi dereva.

Isidori akaendelea kujaza fomu, kwa sababu ilikuwa ndefu. Jina. Umri. Kazi. Akafika mstari mmoja, kalamu ikasimama.

"Hapa wanauliza kinga ya awali. Mzee, kabla ya kuanza kazi hii ya vichwa, ulichanjwa mwaka gani?"

Kasmiri alikuwa anaosha kwenye beseni mikono yake mitupu, isiyowahi kuvaa glavu.

"Miaka kumi na mitatu nashika bongo hizi," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuuliza. Na umeuliza kwa sababu ya fomu."