Omena wa Mbalamwezi

Mimi huanika omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, hapa Muhuru Bay, na mikono ikipumzika nasimulia hadithi za ziwa kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wa Ndhiwa. Wengine hawajawahi kupanda mashua. Nao hunisimulia za mashambani, hata tumekuwa kama majirani.

Kisha kijana mmoja wa kundini akaanza kuzisoma hadithi zangu TikTok, akijiita mtoto wa mvuvi. Nilipomuuliza, akanijibu, "Mama, hadithi haina mwenyewe."

Sikumtukana. Nilimpikia nyingine pale kundini, tamu kuliko zote: wavuvi wanawasha taa mwezi ukiwa mpevu, na mashua inajaa omena pomoni. Akaimeza nzima nzima, akaisoma kwa madaha.

Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka omena hawaifuati taa, na wavuvi hulala nyumbani. Ufuo mzima ukamvamia huko TikTok kwa vicheko: "Mtoto wa mvuvi gani wewe?"

Akanipigia simu. "Mama, tafadhali, waambie hadithi ni yako."

Niligeuza omena wangu taratibu, kisha nikamjibu:

"Hadithi haina mwenyewe, mwanangu."