Jinsi Tulivyomrudisha Nyemo Kutoka Enzi za Mjerumani

Siku ya kwanza kazini, kwenye ofisi ya kuchapa vitabu, nilichelewa, ingawa kutoka kwa shangazi, nilikokuwa nikiishi, ungeweza kumsikia mlinzi wa ofisi akikohoa. Mkuu wa Michoro alinitazama kuanzia nywele hadi ndala. "Kijana, wewe ndiye mchoraji mpya au umekuja kufagia?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba nina cheti cha kidato cha nne.

"Vizuri. Fagia kwa cheti."

Nikafagia.

Ninyi mnaochora kwa kugusa kioo mtacheka, lakini kitabu cha watoto wakati wetu kilichorwa kwa jasho. Ulianza kwa penseli, ukapitisha wino juu yake, halafu kivuli ukakijenga kwa vistari vyembamba, kimoja kimoja, kwa sababu mashine yetu ilijua nyeusi na nyeupe tu. Kijivu haikukifahamu. Ukikosea, unakwangua karatasi kwa wembe, na ukikwangua sana shujaa wako anapata tundu tumboni. Mimi niliiweza kazi hiyo kwa kipaji kimoja: napenda kukaa. Safari yangu ndefu maishani ni kwenda Bahi, kwa ndugu wanaolima mpunga, na huko nako nililikumbuka godoro langu kabla wali haujaiva.

Mkuu wa Michoro alipohamishiwa Dar es Salaam, nikawa chini ya Mhariri Mkuu mwenyewe. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mwenye sauti ya mnadani. Kila asubuhi alinisalimia hivi: "Mgogo! Umekuja kwa miguu yako au umeletwa?"

"Nimekuja kudai hongo, mpagazi. Umekunywa maji yetu tena bila ruhusa."

Msishangae. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walipita Ugogo na mizigo vichwani, na babu zetu waliwatoza hongo kwa ajili ya maji na njia. Wakatulipa, pamoja na matusi. Matusi yakazaa utani, na utani ni udugu wenye mdomo mchafu. Mtani anaweza kumwambia mzee wako neno ambalo wewe ukilitamka unalaaniwa. Hata msibani anaruhusiwa kulala njiani na kuzuia maziko mpaka apewe kitu.

Basi, ukatufikia mswada wa mwalimu mmoja mstaafu wa Chamwino, Mgogo mwenzangu. Binti aitwaye Nyemo, wa Nzuguni, anacheza kombolela na wenzake. Anajificha ndani ya kilindo cha bibi yake, lile pipa la magome la kuwekea mtama. Akitoka, anakuta Mjerumani anatawala, reli inajengwa na askari wanapita nyumba kwa nyumba wakichukua watu na nafaka. Nilimpenda Nyemo kwa sababu alikuwa kama mimi: kila ukurasa anauliza atarudi lini nyumbani.

Kitabu kilipobakiza mchoro mmoja, nikasoma sura ya mwisho. Askari wanakibeba kile kilindo kwenda kambi ya reli. Nyemo, asiye na njia nyingine ya kurudi, anabaki amesimama vumbini. Mwisho. Nikachukua penseli nimchore. Nikairudisha mezani.

Nikaenda kwa Mhariri Mkuu. "Mzee, huyu mtoto ameachwa."

Aliisoma sura ile, akanirudishia. "Kamwambie mwandishi abadilishe."

"Mimi? Yule ni kama baba yangu. Nitaanzia wapi?"

"Ninyi Wagogo ni waoga. Chukua kofia yako."

Tulimkuta mwalimu ugani, akipukuchua mahindi pamoja na mkewe. Nikaamkia shikamoo mpaka magoti yakalia. Mhariri Mkuu hakuamkia. Alitandika mswada chini, akalala juu yake chali, mguu juu ya mguu.

"Una nini wewe?" mwalimu akauliza.

"Nimekuja msibani. Nimesikia Wagogo mmemzika mtoto mzima mzima kwa Mjerumani, na watani hamkutuita. Siondoki."

"Ondoka juu ya kazi yangu, mbeba mizigo!"

"Nizikeni nayo."

Mama akacheka mpaka gunzi likamtoka mkononi. Mwalimu hakucheka. Alisema polepole, "Watoto wanadhani zamani ni matembezi. Shangazi wa baba yangu alichukuliwa na askari, hakurudi. Kwa nini huyu arudi?"

Nikaokota hindi, nikaanza kupukuchua nami.

Mhariri Mkuu aliketi. "Basi msiba ni wa kweli, mtani wangu. Pole. Huyo shangazi mwandike, jina lake lisomwe. Lakini mtani hatoki msibani mikono mitupu. Nipe huyu mmoja."

Mwalimu akachukua hindi jingine. "Atakayembeba ni nani?"

"Ulishasikia nani mwingine anabeba mizigo?"

Ndivyo sura mpya ilivyopatikana. Yule shangazi aliyechukuliwa yumo, kwa jina lake, na harudi. Lakini mpagazi aliyetwishwa kilindo ni Mnyamwezi, na Nyemo amejificha ndani. Mpagazi anahisi uzito, anafunua kifuniko, anaona macho mawili. Askari anapopiga kelele, yeye anajibu kwamba mtama wa Wagogo umejaa mawe, kisha anasogea kando kupumzika na kumnong'oneza mtoto: "Rudi kwenu, Mgogo wee, umenivunja shingo." Anakifunika tena, na akikijitwika ndani umebaki mtama tu.

Nilimchora mpagazi kwa sura ya Mhariri Mkuu. Alipoona nakala ya kujaribia alifoka ofisi nzima: "Nimemtoa mtoto wenu kwa Mjerumani, halafu unanipa miguu ya kuku?" Nikasema wino umeshakauka.

Nimestaafu sasa, na bado sijafika popote. Wajukuu huniuliza nimefanya nini miaka yote ile kitini. Huwafungulia ukurasa wa mwisho. Binti anachomoza kutoka kwenye kilindo, mtama kwenye nywele, na mama yake amesimama mlangoni kajishika kiuno: "Tumekuita mpaka tumechoka! Njoo ule."