Mtungi wa Mama Mkwe

Mama mkwe alipohamia kwetu Kibagabaga kutoka Ndera, alikuja na begi moja, Biblia, na mtungi mdogo wa udongo. Begi na Biblia sikuwa na neno navyo. Ule mtungi ndio ulionikaa kooni.

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, aliutia maji kidogo na kuuacha kwenye kona ya jiko. "Ya Imana," alisema. Imana ndiye Mungu kwa Kinyarwanda, na wazee wanaamini kwamba usiku anafinyanga watu; akikuta nyumba kavu, udongo wake ataukandia nini? Jumapili mama huyohuyo alikuwa wa kwanza kanisani, kiti cha mbele, hana wasiwasi wowote.

Mimi nimekulia Bukoba, kwa mama aliyefunika kila ndoo, basi nikasingizia mbu. Uongo mtupu! Kilichonichoma ni kwamba maji hayo huwekwa kwa ajili ya mwanamke anayetafuta mtoto, nami mimba yangu ya pekee ilikuwa imetoka. Nikisikia maji yanamiminwa, nilijisemea: haya, ameanza kunisimanga. Iko siku atamwambia mwanawe atafute mwingine.

Asubuhi moja uzalendo ukanishinda. Nilikuwa nachemsha chai, yeye anamenya viazi.

"Mama, huo mtungi unanidhalilisha. Mtoto asipokuja mtanifukuza?"

Akaweka kisu chini.

"Hee! Nani amekwambia ni ya mtoto? Hayo maji ni yako wewe. Toka mimba itoke umekauka. Hucheki, huimbi, hata chai unasahau sukari. Namwambia Imana akukande upya kidogo. Na wewe ni mwanangu, nikufukuze uende wapi?"

Nililia palepale, jamani, chai ikafurika ikazima jiko. Yeye akaanza kucheka, akaniambukiza.

Mtoto hajaja, na sijui kama atakuja. Lakini naimba tena, vibaya sana, na mume wangu analalamika. Jana mama mkwe alikuwa amechoka, magoti yanamsumbua siku hizi, akaenda kulala mapema na mtungi akausahau. Nikautia maji mwenyewe. Nikaujaza mpaka shingoni, maana sasa tuko wawili wa kukandwa.